Mtoto wa uinjinia hapati usingizi, na kosa liko kwenye ratiba

Kijana wa Amu, huku Lamu, akirudi likizo na anasomea uinjinia, wiki ya kwanza hamumuoni mjini. Analala tu. Anaamka adhuhuri anaswali anakula, anarudi kitandani mpaka alasiri, na mamake anawaambia majirani kwa fahari kwamba mwanangu kachoka, kitabu kizito hicho. Nasi tulioko barazani twaitikia, naam, uinjinia si mchezo, kisha tunamuuliza atamaliza lini na kama bandarini wameanza kuandika watu. Kwamba analala masaa mangapi akiwa huko chuoni, hilo halimjii mtu mdomoni.

Mi naona ndo swali la kwanza lililofaa kuulizwa. Manake ule usingizi wa wiki nzima si uvivu na wala si ushujaa, ni deni, na deni lile hakulichukua kijana peke yake. Niseme mapema tusizungushane: mwanafunzi wa uinjinia anakosa usingizi kwa sababu kozi yake imepangwa na watu ambao kila mmoja anahesabu masaa ya somo lake, na hakuna hata mmoja aliyepewa kazi ya kujumlisha. Wanafunzi wanalaumiwa kwa simu na kwa kutojipanga, wanasifiwa kwa kukesha, na yote mawili yanaficha mahali kosa lenyewe lilipo.

Tuanze na kiasi kinachotakiwa. Mwaka 2015 National Sleep Foundation ya Marekani ilitoa mapendekezo yake, na kwa mtu wa miaka 18 mpaka 25 ni masaa 7 mpaka 9 kwa usiku. Sasa wanafunzi wanapata ngapi? Mwaka 2023 ulitoka utafiti uliofuatilia wanafunzi 634 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu vya Marekani, walivalishwa vifaa mkononi vya kupima usingizi, hawakuulizwa kwa mdomo, na wastani ulikuwa masaa sita na nusu hivi. Waliokuwa wanalala chini ya masaa sita ndo gredi zao zilishuka zaidi mwisho wa muhula. Na hao ni wanafunzi wa kila kozi wamechanganywa, wengine wanasoma vitu ambavyo havina maabara wala michoro. Uinjinia una mzigo wake juu ya huo. Uchunguzi wa kitaifa wa wanafunzi wa vyuo huko huko Marekani, ule wanaouita NSSE, mwaka 2011 uliripoti kwamba wanafunzi wa uinjinia wa mwaka wa mwisho wanatumia masaa 19 kwa wiki kujiandaa nje ya darasa, na wale wa biashara 14. Hao wa uinjinia ndo walikuwa juu kabisa.

Sasa hapa nataka tupige hesabu pole pole, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea. Wiki ina masaa 168. Toa masaa manane ya kulala kila siku, yaani 56, zinabaki 112. Tuseme darasa na maabara pamoja ni masaa 35, zinabaki 77. Sasa yale masaa 19 ya kujisomea usiyatoe hivyo, zidisha mara mbili kabisa yawe 38 kwa sababu huku vitabu ni vichache na laptopu wengine wanaazimana, bado zinabaki 39. Masaa 39 ya kula, kuoga, kuswali, kufua, kutembea mpaka darasani, kupiga mpira na kuongea na mama kwenye simu. Si mengi lakini yanatosha. Yaani kwenye karatasi, mwanafunzi wa uinjinia anaweza kulala masaa manane usiku wote saba wa wiki na akafaulu vizuri.

Lakini hawalali, kila mtu anajua hawalali. Basi usingizi unaenda wapi?

Unaenda kwenye kilele. Hao vijana wenyewe wanafundishwa hili darasani wakisoma umeme: huwezi kupanga mitambo ya stima kwa kuangalia wastani wa matumizi ya siku, unaangalia kile kilele cha jioni, watu wote wamerudi nyumbani wamewasha taa na tivi na pasi kwa wakati mmoja, ukikosea hapo mji mzima unaingia gizani hata kama mchana kutwa ulikuwa na stima ya kumwaga. Mzigo wa masomo uko hivyo hivyo. Mwanafunzi ana yuniti saba, yaani masomo saba, kila yuniti ina lekchara wake, kila lekchara anataka CAT mbili, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula, na asaimenti na zile yuniti zenye maabara zinataka ripoti, na kila lekchara akikaa peke yake na kalenda yake anaona wiki ya sita ndo nzuri, manake kabla ya hapo hajafundisha vya kutosha na baada ya hapo anakimbizana na silabasi. Wote saba wanaona wiki ya sita ni nzuri. Wiki ya pili na ya tatu kijana anatembea tu, anaonekana hana kazi, halafu wiki ya sita anaangukiwa na CAT tano, ripoti tatu na mchoro wa kompyuta wa AutoCAD ambao unatakiwa Ijumaa. Hakuna aliyemkusudia mabaya, na hilo ndilo linaloniuma, manake jambo ambalo halijakusudiwa na mtu halina mtu wa kulirekebisha.

Na kuna kitu kingine watu wa nje hawakijui. Kwenye vyuo vingi vya Kenya saa za yuniti zinahesabiwa kwa lekcha, na saa moja ya lekcha inahesabiwa sawa na masaa mawili ya mafunzo ya vikundi au masaa matatu ya kazi ya maabara. Soma tena hapo. Masaa matatu umesimama maabara unapima mikondo au unavunja vipande vya zege kwenye mashine, kwenye hesabu ya chuo yanaandikwa kama saa moja. Ripoti utakayoiandika usiku ule, na michoro yake na majedwali yake, haiandikwi mahali popote. Kwa hivyo mtoto wa uinjinia na mtoto wa kozi nyingine wanaweza kuwa na idadi sawa ya yuniti kwenye karatasi, na mmoja wao ana wiki mbili ndani ya wiki moja. Ulaya wana mfumo wao wa krediti za masomo, ECTS, ambao krediti moja ni masaa 25 mpaka 30 ya kazi YOTE ya mwanafunzi, darasani na nyumbani, na mwaka mzima wa masomo unahesabiwa krediti 60. Sisemi huko wanalala wote vizuri, nasema huko angalau kuna mahali pa kuandika saa ya usiku.

Mtu ataniambia, simu bwana. Vijana wanakaa TikTok na mechi za Ulaya mpaka saa saba usiku halafu wanalalamikia masomo. Kweli ipo hiyo, sitaikataa. Lakini mwangalie kijana huyo huyo akiwa atachimenti, yale mafunzo ya kazini. Yuko Malindi kwenye kampuni ya maji, au yuko Mokowe kwenye mradi wa barabara, anaingia kazini saa mbili asubuhi anatoka saa kumi na moja jioni, jua limemchoma, amepanda na kushuka mitaro kutwa. Simu ni ile ile, na bando ni ile ile, pengine hata ana bando zaidi sasa. Saa nne usiku kashalala. Anaamka alfajiri bila kuamshwa, wiki baada ya wiki, na uso unarudi rangi. Kama tatizo lingekuwa tabia ya kijana, tabia ingemfuata Malindi. Kilichobadilika ni kwamba kazi ina mwisho wake jioni, akitoka katoka, hakuna kinachomngoja usiku. Na nadhani hata ile simu ya saa saba usiku chuoni sehemu yake ni hiyo, mtu hakuwa na nusu saa yake mwenyewe tangu asubuhi, sasa anaiiba kwenye usingizi, kwa sababu usingizi ndo kitu pekee ambacho hakina lekchara wa kukidai.

Wacha niende kwenye mwili, kwa sababu wengi wanaamini mtu anazoea. Hazoei. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwaweka watu kwa siku 14 mfululizo, wengine wakilala masaa manne, wengine sita, wengine manane, na kila siku wanapimwa umakini wao. Waliolala masaa sita kushuka chini, mwisho wa wiki mbili walikuwa wanafanya vibaya kiasi cha mtu ambaye hajalala kabisa mpaka usiku mbili. Lakini lile la kutisha zaidi ni kwamba wenyewe hawakujiona hivyo. Ukiwauliza, walisema wamechoka kidogo tu na wamezoea, na huku vipimo vinazidi kuteremka kila siku. Kwa hivyo komredi wa chuo akikwambia mi masaa matano yananitosha, hakudanganyi, ndivyo anavyojihisi kweli, ila kile chombo anachopimia ndicho kilichoharibika. Na kule Australia, watafiti Dawson na Reid mwaka 1997 walionyesha kwamba mtu akikaa macho masaa 17 mikono na macho yake yanafanya kazi kama ya mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika masaa 24 ni kama 0.10, ambayo nchi nyingi ukikamatwa nayo kwenye usukani unapelekwa kortini. Mtu aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, saa tano usiku kashafika pale pa kwanza. Na saa tano usiku kwenye hosteli za uinjinia ndo kwanza watu wanafungua laptopu.

Transnaiti. Kila aliyepita chuo Kenya analijua hilo, ile ya kukaa usiku kucha kabla ya pepa, na kuna watu wana sifa nayo mpaka wanaitambia wakiwa wazee. MIT, chuo ambacho kila mtu wa uinjinia duniani anakitamani, mwaka 2019 watafiti wake walichapisha utafiti wa darasa moja la utangulizi wa kemia, wanafunzi mia moja walipewa bangili za Fitbit za kupima usingizi muhula mzima na 88 ndio waliobaki na data kamili. Usingizi ulieleza karibu robo ya tofauti ya gredi baina ya mwanafunzi na mwanafunzi. Robo! Na usiku mmoja wa kabla ya mtihani haukuonyesha uhusiano wowote na matokeo, uliokuwa na uhusiano ni usingizi wa wiki nzima na wa mwezi mzima, ule wa siku za kujifunza. Halafu waliokuwa wanalala baada ya saa nane usiku walifanya vibaya hata kama walifidia asubuhi wakapata masaa sawa na wenzao.

Ukifikiria inaeleweka. Kitu ulichosoma mchana ubongo unakipanga usiku, kinahamishwa kutoka mahali pa muda mpaka mahali pa kudumu, na kazi hiyo inafanyika ukiwa umelala usingizi mzito. Ukikata usingizi wa Jumatatu, kilichopotea ni cha Jumatatu, huwezi kukirudisha Alhamisi. Na uinjinia si masomo ya kukariri orodha. Ikija pepa ya mizunguko ya umeme hawakuulizi ufafanuzi, wanakupa mzunguko ambao hujawahi kuuona na unatakiwa uutambue kwamba ni ndugu wa ule wa wiki ya nne, na kutambua huko ndo kitu cha kwanza kinachoondoka kwa mtu aliyechoka. Atakumbuka fomula. Hatajua iende wapi. Akitoka pale anasema nilisoma usiku kucha sijui nini kilitokea, anapata sapu, yaani mtihani wa kurudia, na muhula unaofuata ana yuniti saba pamoja na ile sapu, na kilele kimepanda tena.

Tabia hii lakini haikuanzia chuoni, tuseme ukweli. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, ambazo ni sheria ya nchi hii, zinasema shule za bweni wanafunzi wawe wamelala kuanzia saa tatu na nusu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Imeandikwa. Tafuta shule ya bweni inayoifuata, tafuta hapa pwani tafuta bara, na uniambie kengele ya kuamka inagongwa saa ngapi. Saa kumi alfajiri ni kawaida, na mwalimu mkuu anasifiwa kwayo siku matokeo yanapotoka. Mtoto wa miaka kumi na tano ambaye mwili wake unataka masaa manane mpaka kumi anafundishwa miaka minne kwamba anayelala ni mzembe. Akifika chuo hahitaji mtu wa kumwamsha, keshajifunza kujiibia mwenyewe, na wazazi wake washajifunza kumsifu.

Kisha kuna vitu vya kujisukumia. Kahawa tungu yetu sina ugomvi nayo, lakini kahawa ya saa tatu usiku nusu ya nguvu yake bado iko mwilini saa nane, kwa hivyo hata yule aliyemaliza ripoti yake saa saba akalala, amelala na kahawa. Wengine wanakunywa vile vinywaji vya kopo, na wengine ni muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka na Kilifi na Taita Taveta wakafuata, mpaka korti ikasimamisha, mjadala wote ulikuwa wa vijana wasio na kazi vijiweni. Sikusikia mtu akitaja yule mwenye asaimenti mbili za kesho, anayetafuna si kwa starehe bali kwa sababu ni usiku wa tatu na macho hayafunguki. Huyo naye yupo, na dawa yake haiwezi kuwa askari wa kaunti.

Kwa watoto wetu wa Lamu na Malindi kuna jingine la ziada. Wengi wanaenda kusoma mbali, Nairobi, Juja, Eldoret, Nyeri, miaka mitano, na wanaswali. Alfajiri haisogei. Mwenzake asiyeswali akilala saa nane anaweza kuamka saa moja na nusu na kukimbilia lekcha ya saa mbili, wa kwetu kaamka saa kumi na moja na akirudi kitandani ni nusu saa ya kujigeuza tu. Ramadhani sasa inaangukia katikati ya muhula, kuna daku, kuna tarawehe, na CAT haijui tarawehe. Zamani nyumbani tulikuwa na jibu la hili, na bado tunalo: kailula. Adhuhuri mji wa Amu unatulia, maduka mengi yanafungwa, mtu anajinyoosha kidogo mpaka karibu na alasiri. Wageni wanaona ni uvivu wa pwani. NASA, shirika la anga la Marekani, walipowapa marubani wa safari ndefu nafasi ya kulala kidogo angani kwa zamu, wakalala wastani wa dakika 26, umakini wao uliongezeka kwa kiasi kilichopimika, na mashirika ya ndege yakaanza kuchukulia jambo hilo kwa uzito. Kijana wetu lakini akifika chuo anaona haya kulala mchana, ataonekana mshamba, na hata akitaka ratiba ina maabara kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, siku tatu kwa wiki. Mi ningemwambia aone haya kwa mengine, lakini dakika ishirini baada ya adhuhuri azishike.

Wale waliomaliza zamani wana jibu lao, na nimelisikia sana kwa maami zangu na kwa wahandisi wenyewe: sisi tulisoma hivyo hivyo na tukafika. Naam, mliofika mmefika. Waliohama kozi mwaka wa pili hawako hapa kujibu, wala walioacha kabisa wakarudi kufungua duka, na wala hamjui nyinyi wenyewe mngekuwa wahandisi gani kama mngelala. Jibu la pili ni kwamba kazi yenyewe ina usiku wa manane, wazoee mapema. Hili ndo silikubali kabisa, manake popote ambapo uchovu umeua watu wa kutosha, dunia imeamua kinyume chake. Dereva wa gari la abiria Kenya hii ana kikomo cha masaa manane kwa siku. Rubani ana kikomo. Hata jahazini, mabaharia wa hapa hawakungoja mtafiti, usukani unapokezanwa usiku, na nahodha anayejua kazi yake hamwachi mtu aliyekesha apite miambani peke yake.

Na miamba naitaja kwa sababu. Tarehe 24 Machi 1989, dakika chache baada ya saa sita usiku, meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh Reef huko Alaska ikamwaga mafuta kama lita milioni 40 baharini. Watu wanakumbuka habari ya nahodha na pombe, lakini bodi ya usalama ya usafiri ya Marekani ilipotaja sababu zake iliorodhesha uchovu na mzigo wa kazi wa ofisa wa tatu aliyekuwa zamu. Miaka mitatu nyuma yake, Januari 1986, chombo cha angani cha Challenger kililipuka na watu saba, na ndani ya ripoti ya tume ya Rogers iliyochunguza ajali hiyo kuna maelezo kuhusu viongozi ambao, walipokaa kuamua usiku wa kabla ya kuruka, baadhi yao walikuwa wamelala chini ya masaa mawili usiku uliotangulia. Hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wataalamu bora, lakini nadhani hata wao walizoeshwa kwamba kuchoka si sababu ya kusema subiri.

Sasa huku kwetu gati la kwanza la bandari ya Lamu limefunguliwa tangu Mei 2021, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwenye hii kaunti, na wavuvi wa Pate na Kizingitini wanaishi kwa bahari hiyo hiyo. Na hii pwani si ngeni kwa uinjinia mkubwa, setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mitambo, kreni, laini za umeme, matangi, yote yatasimamiwa na hawa hawa vijana tunaowasifu kwa kutolala. Mi nataka wajue kusema subiri. Na mtu ambaye kwa miaka tisa, minne ya sekondari na mitano ya chuo, kila aliposema nimechoka aliambiwa jikaze, atalisemea wapi?

Kwa hivyo kazi ianzie kwenye ratiba, na haihitaji pesa. Kila idara ya uinjinia ina mwenyekiti na ina lekchara wanaofundisha darasa moja. Kabla muhula haujaanza wakae saa moja na karatasi moja yenye wiki kumi na nne, kila mtu aandike CAT zake na ripoti zake ziko wiki gani, na wiki yoyote yenye mitihani zaidi ya miwili, mtu mmoja asogee. Wazidishe ile saa ya maabara irudi kuwa masaa matatu, waone darasa la mwaka wa tatu lina masaa mangapi kweli kweli. Ripoti za maabara, kwani lazima ziwe kurasa kumi na tano kila wiki? Nyingine ziwe kurasa mbili, jedwali na maelezo ya kosa la kipimo, mtu atajifunza yale yale. Na hii mitandao ya kupokelea kazi ambayo mwisho wake ni saa tano na dakika 59 usiku, ibadilishwe iwe saa kumi na moja jioni, manake kazi yoyote inafanywa mpaka dakika yake ya mwisho, ukiweka dakika ya mwisho usiku wa manane umemwambia mtu afanye kazi usiku wa manane. Hili la mwisho lekchara yeyote anaweza kulifanya leo bila kumuomba mtu ruhusa.

Bodi ya Wahandisi Kenya, ambayo sheria ya 2011 iliipa kazi ya kupitisha kozi za uinjinia, ikienda kukagua inauliza mengi kuhusu maabara na walimu. Iulize na karatasi hiyo ya wiki kumi na nne, kozi isiyo nayo ijieleze. Na wawakilishi wa darasa, nyinyi mnaopigiwa kura na kisha kazi yenu inabaki kuuliza lekcha imeahirishwa au vipi, itengenezeni wenyewe kama idara haijaitengeneza. Ni jedwali tu la Excel, yuniti saba upande mmoja na wiki juu. Lijazeni kutoka kwenye kozi autilaini, yale maelezo ya kila somo, mlizopewa wiki ya kwanza, mpelekeeni mwenyekiti wa idara likiwa na zile wiki nyekundu zinaonekana, wiki ya pili, wakati bado hakuna aliyechoka na hakuna aliyekasirika.